Baba amekataa mazoezi, na kila siku anatembea kwa kushika ukuta

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kuhusu baba yangu, mwenye umri wa miaka 76, ambaye tunaishi naye mimi, mume wangu na watoto wetu wawili tangu mama alipofariki. Miezi mitano iliyopita aliamka usiku kwenda msalani, akateleza, na nilipofika nilimkuta amekaa sakafuni ameegemea mlango, akiniambia kwa sauti ya chini nisiwaamshe watoto. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuvunjika mfupa. Alichubuka kiwiko, na nyonga yake ikavilia damu kwa wiki tatu. Hospitalini walimpiga picha, wakampa dawa ya maumivu, na mtaalamu wa fiziotherapia akamkabidhi karatasi yenye michoro ya mazoezi, akimweleza kwamba asipoimarisha miguu ataanguka tena.

Baba aliisoma karatasi ile kwa makini, mbele na nyuma, akaikunja mara nne, akaiweka chini ya redio yake. Nilipomuuliza ataanza lini, alinijibu: "Mwanangu, haya ni mazoezi ya wazee." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku hiyo tumejaribu kila njia. Kaka yangu alimletea raba pamoja na ile baiskeli ya kukanyagia ndani ya nyumba. Raba bado ziko kwenye boksi lake, na baiskeli tunaanikia taulo. Nilimsimulia habari za jirani aliyevunjika nyonga na hakunyanyuka tena kitandani hadi alipofariki, nikidhani atashtuka. Alinyamaza, kisha akaomba afungiwe dirisha. Namkumbusha asubuhi, mchana na jioni, hata mwanangu mdogo amejifunza kuniiga: "Babu, mazoezi!"

Usidhani kwamba hatumjali. Chakula tunampelekea pale pale alipokaa, kitanda chake tumekihamishia chumba cha chini ili asipande ngazi, bustani aliyokuwa akiimwagilia kila jioni sasa anaimwagilia mume wangu, na nimemkataza kabisa kuchuchumaa au kunyanyua kitu chochote. Drafti aliyokuwa akienda kucheza kwa rafiki yake kila Jumamosi ameiacha mwenyewe. Anasema imemchosha, ingawa rafiki huyo yuko mtaa wa pili tu, kwenye nyumba yenye vipandio saba mbele ya kibaraza, visivyo na mahali pa kushika. Kwa hiyo kutwa nzima yuko kwenye kiti chake. Akitaka kuinuka hujisukuma kwa mikono yote miwili. Mara ya kwanza hushindwa, mara ya pili ndipo husimama, halafu huenda zake huku kiganja kimegusa ukuta. Juzi nilikuwa nikisafisha nikaona mstari wa weusi weusi kwenye rangi ya ukuta, usawa wa bega langu, unaoanzia kwenye kiti chake na kuishia kwenye mlango wa msalani. Nilishindwa kuufuta.

Naomba msaada katika mambo matatu. Nimlazimishe vipi? Mazoezi yenyewe hayawezi kumwangusha? Na nikifanikiwa angalau kumtembeza kila jioni, je, hiyo itatosha?

Wako,
Binti Mwenye Wasiwasi

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usiku ule, na pole zaidi kwa miezi mitano ambayo bila shaka umeilala kwa jicho moja, ukisikiliza kila kishindo kinachotoka chumbani kwa baba.

Kabla ya kuandika safu hii nilifanya kazi ya fiziotherapia kwa miaka mingi, kwa hiyo barua yako nimeisoma kama nilivyokuwa nikisoma faili la mgonjwa, kalamu mkononi. Huenda ukadhani nilipigia mstari baiskeli, au ile habari ya jirani. Nilichopigia mstari ni drafti. Umeitaja kwa sentensi moja kana kwamba ni jambo la pembeni, na umeyakubali maelezo ya baba kwamba mchezo umemchosha. Mtu hachoshwi ghafla, mara tu baada ya kuanguka, na mchezo aliokuwa akiufuata kila Jumamosi. Kilichomchosha, nadhani, ni vipandio saba visivyo na pa kushika, na picha anayoiona kichwani ya yeye akivipanda kwa kuyumba huku wenzake wamekaa kibarazani wakimtazama. Jibu la swali lako la kwanza liko pale, na nitalirudia.

Kwanza tushughulikie ile kauli yake, "haya ni mazoezi ya wazee." Ningekuwapo huenda nami ningecheka, lakini baba yako alisema neno ambalo watafiti wamelisikia kwa watu wengi wa rika lake. Mwanasaikolojia Lucy Yardley na wenzake huko Uingereza waliwasikiliza wazee wakizungumzia ushauri wa kuzuia kuanguka, wakakuta kwamba wengi waliuona kuwa ushauri mzuri, ila kwa watu wengine: wale waliozeeka zaidi yao, au walio dhaifu zaidi yao. Wenyewe waliusikia kama tishio kwa heshima na uhuru wao. Ndiyo maana unapomwambia baba, "Fanya mazoezi usije ukaanguka," yeye husikia, "Wewe sasa umekuwa mtu wa kuanguka." Na habari ya jirani haikumfundisha jambo asilolijua. Wewe ulimkuta sakafuni. Yeye alikuwa ameshakaa pale kwa muda ambao hukuuhesabu, akifikiria la kufanya, na jambo la kwanza alilokuambia ni kwamba watoto wasimwone. Mtu wa namna hiyo huwezi kumtisha ukategemea ainuke. Ukimtisha, ataomba dirisha lifungwe.

Kwa sababu hiyo sitakufundisha jinsi ya kumlazimisha. Nitakuomba neno "kuanguka" ulipumzishe kwa muda, na ukumbusho wa asubuhi, mchana na jioni uuache leo hii, pamoja na ule wa mtoto.

Hofu ya kuanguka ni tatizo linalojitegemea, na huwapata hata wazee ambao hawajawahi kuanguka. Mwaka 1990 daktari Mary Tinetti wa Marekani na wenzake walichapisha maswali kumi ambayo hayakupima nguvu za mzee, bali imani yake kwamba anaweza kuoga, kuinuka kitini, kufikia kabati au kuitika mlango bila kuanguka. Imani hiyo ikishuka, mzee hupunguza mwendo. Mwendo ukipungua, misuli ya mapaja na nyonga hunyauka, nyayo na vifundo vya miguu husahau kazi yao. Na siku inayomlazimu kusimama haraka, ile hofu hutimia.

Hapa, mwanangu, nitasema neno ambalo halitakufurahisha. Hofu ile si ya baba peke yake; nyumba nzima imeiambukizwa. Ngazi, ndoo ya kumwagilia, kuchuchumaa kung'oa gugu, kwenda mezani na kurudi: hayo ndiyo yaliyokuwa mazoezi yake, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo, na nyinyi kwa upendo mtupu mmeyakusanya yote mkayafungia kabatini, kisha mkampa karatasi na baiskeli. Hebu hesabu chakula tu. Mtu anayekula mezani huinuka, hutembea, huvuta kiti, hukaa, huinuka tena, hugeuka na kurudi, mara tatu kwa siku. Anayeletewa alipo hafanyi hata moja. Kwa miezi mitano hiyo ni mamia ya kuinuka ambayo miguu ya baba imekosa, na bado tunashangaa kwamba sasa anainuka kwa mara ya pili.

Swali lako la pili ni la haki kabisa, maana zoezi la kumfanya mtu asimame vizuri lazima limsogeze karibu na mahali anapoyumba. Ushahidi hata hivyo ni mkubwa. Mwaka 2019 Cathie Sherrington wa Australia na wenzake walichapisha, kupitia mtandao wa kitabibu wa Cochrane, uchambuzi wa majaribio 108 yaliyohusisha zaidi ya watu 23,000 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, wanaoishi majumbani mwao. Mazoezi yalipunguza matukio ya kuanguka kwa asilimia 23 hivi, na pale ambapo mazoezi ya mizani ya mwili, yaani ya kusimama bila kuyumba, yaliunganishwa na ya kuongeza nguvu, punguzo lilikaribia asilimia 34. Madhara yaliyoripotiwa yalikuwa hasa madogo, kama maumivu ya misuli na viungo. Na kama kuna mtu nyumbani anayesema kwamba baba ameshapitwa na wakati, mweleze kuhusu jaribio la mwaka 1990 la Maria Fiatarone na wenzake huko Marekani, ambao waliwapa mazoezi mazito ya mapaja wakazi wa makao ya wazee wenye umri wa kati ya miaka 86 na 96. Baada ya wiki nane tu, nguvu za miguu ya waliomaliza zilikuwa zimezidi mara mbili ya mwanzo. Mbele ya watu hao baba yako ni kijana.

La tatu, kutembea. Kutembea ni kuzuri kwa moyo, kwa presha, kwa usingizi na kwa mazungumzo ya baba na mwana, na sitakuambia uache kumtembeza akikubali. Lakini kutembea peke yake kwenye njia tambarare hakujathibitika kwamba kunapunguza kuanguka, na ukifikiri kidogo utaona sababu. Mzee haanguki sana kwa kushindwa kwenda mbele. Huanguka anapogeuka, anapoinuka, anaponyoosha mkono kufikia kitu, anapojikwaa kwenye ukingo wa zulia na mguu wa pili ukachelewa kumdaka. Ule mguu wa kudaka ndio unaohitaji kufundishwa, na haufundishwi kwa mwendo ulionyooka.

Sasa mazoezi yenyewe, na nianze na kiti, kwa sababu ulichokieleza nimekiona mara nyingi. Mzee anayeshindwa mara ya kwanza na kufaulu mara ya pili kwa kawaida bado ana nguvu. Kosa ni kwamba anajaribu kusimama huku uzito wa mwili ungali nyuma. Chagua kiti imara kisicho na magurudumu, mgongo wake uguse ukuta, na kama ni kifupi weka juu yake mto mgumu. Asogee hadi karibu na ukingo, nyayo zote ziguse sakafu, visigino avirudishe nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kifua mbele hadi pua ipite juu ya vidole vya miguu, ndipo aisukume sakafu kwa miguu kana kwamba anataka kuizamisha. Wengi hushangaa kujikuta wamesimama. Kisha ashuke polepole akihesabu hadi nne, bila kujitupa, kwa maana katika kule kushuka nako paja hufanya kazi. Aanze kwa mikono yote miwili kwenye kiti, baadaye mkono mmoja, baadaye vidole tu, hadi siku atakayoikunja mikono kifuani.

Zoezi la pili ni la kusimama. Asimame mbele ya kaunta ya jikoni au meza nzito isiyosogea, na kiti kiwe nyuma yake, na mwanzoni wewe au mume wako awe kando. Kwanza miguu iwe pamoja kwa sekunde 10. Akiweza bila kuyumba sana, mguu mmoja usogee nusu mbele ya mwingine. Akiweza na hilo, kisigino cha mbele kiguse vidole vya mguu wa nyuma, kama mtu aliyesimama juu ya kamba. Na mwisho mguu mmoja. Hatua inayofaa ni ile inayomtikisa kidogo bila kumtisha. Asipotikisika hata kidogo, mwili haujifunzi, na hili ndilo kosa la wengi wanaowafanyisha wazee mazoezi wakiwa wamekaa tu kitini wakirusha mikono. Kiganja kinachogusa ukuta nacho kiingizwe darasani: hapo kwenye kaunta aanze na kiganja kizima, wiki zikisonga vidole viwili, kisha kimoja. Ongeza na kunyanyuka kwa ncha za vidole vya miguu na kuinua mguu pembeni huku ameshika kaunta, basi. Yaliyobaki yamo kwenye karatasi yake.

Kiasi gani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya mizani na nguvu siku tatu au zaidi kwa wiki. Programu ya Otago ya New Zealand, ambayo wataalamu wengi wa fiziotherapia wameitumia, ni ya nusu saa mara tatu kwa wiki, mtu akiwa nyumbani kwake, pamoja na matembezi. Nusu saa hiyo si lazima iwe ya mfululizo. Kwa baba anayekataa kuonekana akifanya mazoezi, ningependelea zaidi njia aliyoijaribu Lindy Clemson na wenzake huko Australia kwa watu wa miaka 70 na zaidi waliokwisha kuanguka: hawakuwapa saa ya mazoezi hata kidogo, bali waliingiza mizani na nguvu ndani ya shughuli za kila siku, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 matukio ya kuanguka yalipungua kwa asilimia 31. Mtu anapiga mswaki akiwa amesimama kisigino mbele ya vidole, mkono mmoja kwenye sinki. Anakunja magoti kufungua droo ya chini badala ya kukunja mgongo. Anakwenda kando kwa kando anapopita kwenye kaunta. Mtazamaji anaona mtu anayeendelea na shughuli zake, na hilo kwa baba yako si jambo dogo.

Redio anayoipenda itakusaidia kuliko saa ya ukutani. Kila taarifa ya habari inapoanza, ainuke na kukaa mara tano, basi. Asubuhi, mchana na jioni tayari ni mara 15, na hakuna mtu aliyemkumbusha.

Lakini hayo yote yatabaki kama raba kwenye boksi iwapo hutazungumza naye vizuri, na mazungumzo hayo yana mpangilio wake. Anza kwa kuomba radhi. Mwambie, "Baba, nilikukatalia bustani bila kukuuliza, nisamehe," kisha mrudishie, kwa ndoo ndogo atakayoijaza nusu. Mezani naye arudi leo jioni, hata kama atafika wa mwisho. Siku nyingine, mkiwa wawili, muulize habari za rafiki yake wa drafti, halafu unyamaze. Najua kunyamaza ni kugumu kwa mtu mwenye wasiwasi, lakini akikaa kimya nawe kaa kimya. Mwache atafute maneno. Akigusia vipandio, usirukie suluhisho. Uliza tu, "Ungependa kurudi?" Akisema ndiyo, hata kwa kichwa, hapo pana sababu ambayo hukumpa wewe, na sababu aliyojipa mwenyewe ndiyo atakayoiinukia. Wataalamu wa mazungumzo ya kubadili mwenendo humwuliza mtu ajipime kuanzia sifuri hadi kumi jinsi anavyotaka jambo fulani. Ni mbinu nzuri kwa mgeni, ila kwa baba mzazi naona ina mbwembwe.

Baada ya hapo zoezi linabadilika jina. Kiti ni maandalizi ya kipandio cha kwanza. Ngazi ya nyumbani, ile mliyomkataza, ina mahali pa kushika? Kama inapo, apande na kushuka vipandio viwili tu, nawe ukiwa upande wa chini yake, wiki ijayo vitatu, hadi afike saba. Na yule mwanao mdogo mpe kazi ya uhesabuji: babu akae na kuinuka kwa sekunde 30, mikono kifuani, na mtoto aandike kwenye kalenda idadi ya mara alizosimama. Kipimo hiki madaktari wanakitumia. Mwanamume wa miaka 75 hadi 79 anayesimama chini ya mara 11 huhesabiwa kuwa chini ya wastani wa rika lake, na anayelazimika kutumia mikono huandikiwa sifuri. Namba hizo ni za kwako na daktari. Baba atosheke kuona kwamba Jumatatu hii imezidi ile iliyopita, na asidhani kuwa ameketishwa kwenye mtihani.

Kabla hamjaanza, nendeni tena kwa daktari, kwa sababu usiku ule ulikuwa na mambo yake ambayo paja imara haliyatibu. Mpeleke na dawa zake zote ndani ya mfuko mmoja. Dawa za usingizi na baadhi ya dawa za presha na za msongo wa mawazo huongeza hatari ya kuanguka, ingawa asiache hata moja kwa uamuzi wenu wenyewe. Apimwe presha akiwa amelala na tena akiwa amesimama, maana kwa wazee wengine hushuka ghafla wanapoamka, na dawa yake ya kwanza ni kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Macho yaangaliwe kama yana mtoto wa jicho. Nyumbani wekeni taa ya usiku kati ya kitanda na msala, kishikio kilichofungwa ukutani msalani, na viatu vyenye kisigino kilichofunika na soli isiyoteleza badala ya ndala. Wakati wa zoezi akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi ikimwishia kupita kawaida, aache na muonane na daktari. Na kama aliwahi kupoteza fahamu au akianguka tena, msingoje mazoezi yafanye kazi.

Kuna jambo moja ambalo karatasi nyingi hazilisemi. Wazee wengi niliowahudumia hawakuogopa kuanguka kwa kiasi walivyoogopa kubaki chini. Baba yako alikaa ameegemea mlango kwa sababu, nadhani, hakujua njia ya kuinuka. Mwombeni mtaalamu wa fiziotherapia amfundishe, mchana, juu ya godoro au mkeka mzito: kugeukia ubavu, kujisukuma hadi kukaa kwa kiwiko, kupiga magoti na viganja chini, kutambaa hadi kwenye kiti imara, kuweka viganja juu ya kiti, kuleta mguu wenye nguvu mbele, kisha kusukuma na kugeuka kukaa. Nimewaona watu waliofaulu hilo mara moja wakatoka chumbani wakitembea tofauti na walivyoingia, ingawa miguu yao ilikuwa ile ile.

Usitarajie mabadiliko katika wiki mbili. Wiki ya sita hadi ya nane ndipo wengi huanza kuona kiti kimekuwa chepesi, na mizani huchukua miezi. Akiugua mafua akaacha kwa siku kumi, arudi hatua moja nyuma na kuendelea. Akiacha kabisa, faida nayo humtoka kidogo kidogo. Kuna siku atakataa tu, bila sababu, na ni haki yake, kama ambavyo wewe nawe kuna siku unakataa kufanya jambo unalojua lina faida. Siku hizo usimsogelee na ukumbusho. Simama mwenyewe mbele ya kaunta, kisigino mbele ya vidole, sekunde 10. Ukiyumba, mwache akucheke.

Wiki hii fanya jambo moja: nenda peke yako kwa yule rafiki yake, kanyaga vile vipandio, na muulize kama angekubali kishikio kifungwe upande mmoja, hata kama gharama itatoka kwenu. Ukiona inafaa, mwombe pia apite siku moja alete ubao wa drafti nyumbani, achezee mezani, si kwenye kiti cha baba. Na ile karatasi iliyo chini ya redio, iache pale pale. Akiihitaji, anajua ilipo.

Wako,
Shangazi